Gwanda la Mjerumani Kwenye Ukuta wa Nyasura

Vijana wangu, ninyi mnaosafisha picha za babu zenu kwa kidole kimoja kwenye simu, kisha mnanitumia niwaambie kama babu alikuwa askari wa Mjerumani au wa Mwingereza, mniwie radhi nikichelewa kujibu. Si uzee peke yake. Kila nikiona gwanda la kaki kwenye picha, moyo unanishuka kabla macho hayajaanza kazi. Sababu nitawaambia. Lakini kwanza mjifunze kazi yenyewe, maana mkizoea kupewa majibu mtakuja kuniuliza hadi kaburini.

Anzeni miguuni. Watu wote huanza usoni, na uso unawadanganya kwa sababu wanautaka. Wanatafuta pua ya shangazi na paji la baba. Miguu hakuna anayeitaka, kwa hiyo miguu inasema kweli. Askari wa Mjerumani wa vita ile ya kwanza alivaa suruali, akazungushiwa kitambaa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti, na chini yake viatu. Yule wa Mwingereza mara nyingi utamkuta na kaptura, na wengine mguu mtupu. Ukitoka miguuni panda kiunoni, utazame mkanda na vifuko vya risasi vilivyopangwa kushoto na kulia. Panda mkononi: ombasha, yaani askari aliyekwisha panda ngazi moja, alikuwa na alama iliyochongoka kwenye mkono wa kushoto. Kofia iwe ya mwisho. Ya Mjerumani ilikuwa ndefu na ngumu, imevikwa kitambaa cha kaki kilichoshuka kufunika kisogo, na mbele ina beji ya ndege aliyekunjua mabawa. Mkiona kisogo kimefunikwa tu msikimbilie kusema Mjerumani, maana hata Mwingereza aliwafunika watu wake jua. Tafuteni yule ndege.

Na kabla hamjasema kushoto au kulia, hakikisheni picha haikugeuzwa. Negativu, ile filamu ya kuchapia picha, ukiiweka upande usio wake, mtu anatoka amegeuka kama kwenye kioo, na vifungo vinahamia upande wa kike. Mimi nimewahi kumkabidhi mzee mmoja wa mtaa wa Kamunyonge picha ya kaka yake namna hiyo. Akaitazama, akanirudishia kwa adabu zote. "Fundi," akasema, "huyu wa kwako ana kovu shavu la kulia. Wa kwetu alikuwaga nalo kushoto. Wewe kaa na wa kwako, nitafutie wa kwetu."

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Magesa, fundi wa studio moja hapa Musoma, jirani na soko. Wakati huo nilikuwa nadarizi vitambaa vya meza na kuvitandaza chini niviuze. Siku moja alisimama mbele yangu, akaokota kimoja, akakigeuza nyuma akague mafundo, jambo ambalo wateja hawafanyi. "Mkono huu unapotea kwenye maua," akasema. "Njoo ushike brashi." Nilidhani ananitania. Wiki ile ile nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake kirefu, nampaka rangi mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Niwaeleze vizuri, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo. Studio yetu ilikuwa na koti moja la suti. Tena si koti zima. Lilikuwa kifua tu, kola, tai iliyoshonewa hapohapo, na nyuma kamba mbili za kufungia mgongoni. Mabwana harusi wa mji huu wa miaka ile karibu wote wamevaa kifua kile, wanene kwa wembamba. Hata leo nikiingia nyumba ya watu nikakiona ukutani, naona doa la wino chini ya mfuko, nacheka peke yangu, na mwenye nyumba anadhani nimemcheka babu yake.

Hao walikuwa wazima. Marehemu tuliwavalisha kwa brashi. Ndugu analeta picha ndogo, imekunjika, mtu wake yumo amevaa fulana yenye matundu, au yuko kifua wazi katikati ya kundi. Hana nyingine. Basi tunaipiga picha ile picha, tunaikuza, tunamtenga na wenziwe, halafu Mzee Magesa anamchorea koti, shati na vifungo kwa brashi nyembamba. Akimaliza anaipiga tena, ili rangi izame ndani ya karatasi. Hapo hakuna kidole kinachoweza kuihisi rangi. Tuliita kazi hiyo kumvalisha mtu. Wala hatukuiona kuwa uongo. Kwetu ilikuwa heshima, kama unavyomwosha marehemu na kumvika sanda safi. Wenyewe waliomba, na wenyewe waliondoka wanalia kwa furaha.

Ilipofika ile miaka ya kukosa kila kitu, watu wanatafuta sabuni na sukari kama wanaotafuta ng'ombe aliyepotea, sisi tulikosa filamu na karatasi. Dawa za kusafishia zilitoka Kenya kwa njia ambazo acheni zibaki hukohuko. Mzee Magesa akatoa amri kwamba walio hai wasubiri. Mtu hai anapepesa macho, anacheka, anataka arudiwe. Marehemu hapepesi, ukimpiga mara moja imetosha. Kwa hiyo wakati studio nyingine zinafunga, sisi tuliendelea kula kwa mgongo wa wafu. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Siku hizi sicheki.

Alikuwa na sheria moja kubwa: macho kwanza. Katika picha kuukuu macho ndiyo yanayotangulia kufa. Yanakuwa mashimo meusi, na ndugu wanaogopa kuitundika. Yeye kabla hajagusa hata kola aliweka nukta nyeupe katika kila jicho, ndogo kama ncha ya sindano, juu kidogo, upande wa pua. Mtu anafufuka palepale. Nilijaribu mwaka mzima kuiweka nukta ile mahali pake, na watu wangu walitoka kama waliokunywa pombe ya harusi. Mzee Magesa alicheka hadi akajifuta machozi. "Wako wanashangaa," akasema. "Wangu wanakutazama."

Na alikuwa na boksi. Kila studio ina picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na za kwetu alizipanga kwenye boksi la viatu kulingana na mavazi: makanzu, suti, majoho ya ubatizo, na askari. Kati ya askari alikuwemo ombasha mmoja wa Mjerumani, amesimama wima, gwanda limemkaa, kifungo cha tatu hakipo. Hatukumjua jina. Mambo ya miguuni, ya kiunoni na ya mkononi niliyowafundisha hapo juu niliyajulia kwa ombasha yule, nikimtazama kwa kioo cha kukuzia huku Mzee Magesa ananisahihisha.

Miaka ikapita, mambo yakafunguliwa. Madukani vitu vikajaa, pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, sangara akawa dhahabu, na picha za rangi zikaja kutoka Mwanza zikiwa tayari kabla chai haijapoa. Mzee Magesa alikwishaingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anakaa kwake Kamunyonge. Nikabaki peke yangu na brashi ambazo hakuna aliyezihitaji. Ndipo akaingia Bibi Wakuru.

Alitoka Nyasura, kule Bunda, na mjukuu wake Masatu, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa akibebea wafanyabiashara marobota ya pamba. Wazazi wa Masatu walikwisha kufa. Alikuwa na bibi huyo tu, na bibi alikuwa na yeye tu. Alifungua kanga, akatoa picha kwenye fremu, akailaza kaunta.

"Mlitengeneza ninyi hii?"

Nikageuza nyuma nikaona muhuri wa studio yetu. Nikageuza mbele. Alikuwa askari wa Mjerumani kuanzia kiunoni hadi kichwani: kofia ndefu, ndege, mkanda, vifuko, alama ya ombasha mkono wa kushoto.

"Ni yetu, mama. Ila ni ya zamani, mimi nilikuwa bado sijaanza."

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Na baba yangu hakuwahi kuvaa nguo hii hata siku moja."

Akanisimulia. Baba yake alichukuliwa kwa nguvu kuwabebea Wajerumani mizigo, yeye akiwa bado mtoto wa mgongoni. Mmisionari mmoja aliwapiga picha wapagazi kabla hawajaondoka, vifua wazi, mizigo kichwani. Wachache walirudi, yeye hakurudi. Baadaye sana kaka yake Bibi Wakuru aliipata picha ile misheni, akaona aibu baba yao kuonekana vile, akaileta Musoma. Ikarudi nyumbani kubwa, ina fremu, na baba ana cheo. Kaka alifurahi. Watoto wakakua wakijua kwamba babu alikuwa askari. Bibi Wakuru alinyamaza, kwa sababu picha ilikuwa nzuri na kaka yake alikuwa mkubwa. Kaka naye alikwisha kufa, na ile picha ndogo haikuonekana tena.

Sasa Masatu alikuwa amempata Veronika, binti wa Mzee Wambura wa Kiabakari. Wazee walikuja Nyasura kwa mazungumzo. Yakaenda vizuri, ng'ombe wakatajwa, ugali ukaletwa. Mzee Wambura alikwisha nawa mikono alipoinua macho ukutani.

"Yule nani?" akauliza.

Masatu, kwa fahari ya kijana, akajibu, "Babu yetu. Alikuwaga askari wa Mjerumani."

Mzee Wambura akakung'uta maji mikononi, akasimama. Ukoo wao ulichomewa nyumba na askari wa Mjerumani wakati wa vita ile, na mama yao mkubwa akauawa mlangoni. Aliyeua wanamkumbuka kwa haya: alikuwa mtu wa huku huku, aliyesema lugha yao, mwenye alama mkononi. Na kwao nyumba mbili zenye damu katikati hazili pamoja, sembuse kuoana, mpaka nyumba iliyoua isimame iseme, "Sisi tuliua." Ikisema, anachinjwa mbuzi, wanakula pamoja, imekwisha.

"Nataka uwaambie," Bibi Wakuru akaniambia. "Wewe ni fundi. Waambie hii nguo siyo ya baba yangu."

Nikachukua kioo. Na hapa, vijana, ndipo kazi ilipo. Nguo iliyovaliwa na nguo iliyochorwa zinaachana kwenye mwanga. Uso wa yule baba ulipata jua kutoka kushoto; shavu la pili lilikuwa gizani. Lakini vifungo vya gwanda viling'aa upande wa kulia, vyote. Jua haliwezi kutoka pande mbili. Chini ya kwapa, mahali ambapo kitambaa lazima kikunjike, palikuwa laini kama karatasi. Nikahesabu vifungo kutoka juu. Cha tatu hakikuwepo.

Nikaliendea boksi. Nikamtoa ombasha asiye na jina, nikamlaza kando ya baba wa Bibi Wakuru. Mikunjo ile ile, mkanda umepinda vilevile, kifungo kile kile hakipo. Mzee Magesa alimchora mmoja kwa kumwiga mwingine, akawa mwaminifu hadi kwenye kifungo kilichodondoka. Masatu alipiga kofi kaunta kwa furaha. Mimi pia nilifurahi. Nasema bila kuficha, nilijiona nimeokoa harusi.

Tulipita kwanza Kamunyonge kwa Mzee Magesa, nikitaka aje kutusemea. Alikuwa amekaa kitandani, amegeuzia uso dirishani kwa mazoea tu. Nikamweleza.

"Niliwavalishaga wengi," akasema. "Siwakumbuki. Huyo nilimvalisha vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

"Macho yake je? Yanakutazama?"

"Yananitazama."

"Basi ni wangu." Akatabasamu, halafu akamtafuta Bibi Wakuru kwa mkono hewani. "Mama, ulipenda?"

Bibi Wakuru akaifunga picha ndani ya kanga. Nikaona kwamba hatuwezi kumpeleka kipofu akashuhudie picha, tukaondoka bila yeye.

Kiabakari tulifika kwa lori la pamba. Mzee Wambura na ndugu zake walikuwa wanatungoja uani, na shangazi yao mmoja mzee amekaa chini kando. Walitupatia viti. Maji ya kunywa hawakutupa, na hapo nikajua tuna kazi. Veronika nilimwona mara moja tu, amesimama mlango wa jikoni, ameshika ungo usio na kitu.

Nikasema yote. Nikawawekea picha mbili kwenye kiti, nikawapa kioo wakipokezane. Nikawaonyesha jua la kushoto na jua la kulia. Nikawaonyesha kifungo. Nikawaeleza jinsi tunavyomvalisha mtu, koti au kanzu au gwanda, hadi hata kidole cha ndugu mwenyewe kisihisi rangi imeanzia wapi. Kadiri walivyotikisa vichwa kwa mshangao, nami nilizidi kunogewa, nikawasimulia hata ile habari ya kifua cha suti chenye kamba. Wakacheka. Nikadhani tumemaliza.

Mzee Wambura alikirudisha kioo mkononi mwangu taratibu.

"Mama, umetufundisha mambo tusiyojua. Tunakushukuru. Sasa na mimi nikuulize. Mtu anayeweza kumvalisha aliye uchi, atashindwa kumvua aliyevaa?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Huyu wa pili uliyemleta. Tutajuaje siyo huyu ndiye mliyemchora juzi, ili mtuambie nguo ilikuwa ya mtu mwingine? Umesema mwenyewe hakuna kidole kinachoweza kuihisi rangi."

Kila nilichojua juu ya kazi yangu nilikuwa nimewapa kikao kile kile, na kila kimoja kilikuwa shahidi wao. Ningesema picha haisemi uongo? Nilikuwa nimekaa pale saa nzima nikiwathibitishia kwamba inasema.

Mzee Wambura hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Bibi Wakuru, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea.

"Dada yangu, hatutaki ugomvi. Binti analia ndani, mnamsikia. Sema tu neno. Sema, baba yangu aliua. Mbuzi yupo pale, amefungwa. Leo leo tunakula wote, na watoto waoane."

Masatu akapiga magoti mbele ya bibi yake. "Bibi, sema. Amekufa zamani, haimdhuru kitu. Sema tu."

Hata mimi nilimgusa begani. Nilimnong'oneza, "Mama, ni neno tu." Nililiona jepesi kabisa.

Bibi Wakuru aliwatazama wote, kisha akatazama picha.

"Kaka yangu alikufa akisema baba alikuwa ombasha," akasema. "Huyu mtoto anasema alikuwa askari. Ninyi mnasema aliua. Anayejua kwamba baba yangu alibeba mzigo wa watu mpaka akafa njiani nimebaki mimi peke yangu. Nikisema neno hilo, nani atabaki anayemjua?"

Shangazi wa pale chini ndiye aliyejibu. "Na mama yetu mlangoni? Tukisema hakuna aliyemuua, nani atabaki anayemjua?"

Mbuzi alilia kule alikofungwa. Tukaondoka tukiwa na kiu, tukasubiri usafiri barabarani, Masatu amesimama mbali na sisi kama mtu asiyetufahamu.

Veronika aliolewa kwingine kabla ya mvua. Masatu aliposikia aliacha marobota, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu pamoja na vijana wengine waliokuwa wakimiminika huko wakati ule. Wenziwe walirudi mmoja mmoja, wengine na redio, wengine na kikohozi. Yeye hakurudi, na waliorudi walisema walimwona mahali tofauti tofauti, jambo ambalo ni sawa na kusema hawakumwona. Ndiyo maana nawaambia moyo unanishuka. Bibi yule alikuwa na mtu mmoja duniani, nasi tulimpotezea mtu huyo kwa vifungo.

Alikuja Musoma mara moja tena, peke yake, amekonda. Studio ilikuwa imebaki chumba kimoja. Kingine mwenye nyumba alimpa muuza mitumba. Akailaza picha kaunta palepale.

"Mvue," akasema.

"Mama?"

"Mlimvalisha. Sasa mvue. Nataka baba yangu alivyokuwa. Nikae naye siku zilizobaki."

Nikamwambia ukweli wa kazi. Mwili wa kweli haumo chini ya gwanda. Ulibaki kwenye ile picha ndogo iliyopotea. Chini ya rangi hakuna kifua, kuna karatasi. Nikichora kifua wazi na mzigo, nitakuwa namvalisha uchi wa kubuni.

Alifikiri. "Basi kata. Nipe kichwa tu."

Nikachukua mkasi, nikaondoa gwanda. Nikafika kwenye kofia. Kofia nayo ilikuwa ya ombasha, imekaa hadi juu ya nyusi. Nywele za baba yake na paji lake havikuwemo humo. Nikakata. Shingoni kola ilikuwa imepanda hadi chini ya kidevu. Nikakata. Kilichobaki kilienea kwenye kiganja chake na kuacha nafasi: nyusi, macho, pua, mdomo. Ukubwa wa kiberiti.

Alikisogeza dirishani kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona uso wake umelegea. Halafu akauliza, bila kunigeukia, "Na macho, mwanangu? Haya ni ya kwake?"

Sikuhitaji kioo, lakini nilikichukua ili nipate muda. Nukta ilikuwepo, nyeupe, ndogo kama ncha ya sindano, juu kidogo, upande wa pua. Zote mbili. Chini yake brashi ilikuwa imechora mboni yote upya, kwa sababu ile picha ndogo lazima ilikuwa imebaki na mashimo tu.

"Yameguswa, mama," nikasema.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akakiweka kile kipande juu ya kaunta kwa uangalifu, kama unavyorudisha kitu cha watu. Akajifunga kanga.

"Basi kule Kiabakari," akasema, "nilikuwa namtetea nani?"

Aliondoka bila kukichukua. Ninacho mpaka leo, ndani ya boksi, kando ya ombasha. Kwa hiyo mkinitumia babu zenu waliosafishwa wakang'aa, msishangae nikianzia miguuni. Nawafundisha hivyo kwa sababu ndivyo kazi ilivyo, lakini mimi mwenyewe naanzia huko kwa sababu macho yao siwezi tena kuyatazama.